Mtoto asiyegeuka akiitwa jina: tuache kusema "ngoja"



Ukurasa huu umezoea kuongea juu ya kofia ya chuma, viatu vya kazi, vumbi la shimo na maji ya kunywa. Leo tunaacha shimo, tunaingia nyumbani. Nataka kuongea juu ya mtoto mdogo ambaye anatembea vizuri, anakula vizuri, ana kilo za kutosha, lakini ukimwita jina hageuki.

Nina sababu ya kuandika. Miaka michache iliyopita, asubuhi ya kupima watoto hapa Mpofi, mama mmoja alifika mbele yangu na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili. Baba ya mtoto ni mfanyakazi wa zamu ya usiku. Mama akasema: "Muganga, huyu mtoto hanisikie. Hata 'mama' hasemi." Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu mpaka nje. Nilitazama fishi: kilo nzuri, chanjo zote. Nikagusa paji la uso: hana homa. Nikamjibu: "Mama, wavulana wanachelewa kusema. Ngoja tu."

Alingoja miaka miwili. Lakini majirani hawakungoja. Wa kwanza alisema mtoto ni kibubu. Wa pili alisema ana kiburi, apigwe. Wa tatu akatoa neno ambalo linaweza kuvunja jamaa nzima: mulozi. Mtoto akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akafungwa kamba, akanyimwa chakula ili pepo amtoke. Aliporudi kwangu alikuwa na miaka minne, amekonda, na alama ya kamba ilikuwa bado mkononi.

Siku hiyo sikuwa na mashine mpya. Nilifanya kitu kimoja tu ambacho sikukifanya mara ya kwanza: nilikaa naye chini karibu saa nzima. Nilimwita jina mara tano nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Nikafungua pakiti ya biskuti polepole. Akageuka mara moja. Basi alikuwa anasikia. Alichukua vifuniko vya chupa, akavipanga mstari, na nilipoondoa kimoja alilia kama amechomwa moto. Alipotaka maji hakunionyesha kwa kidole wala hakunitazama usoni. Alishika mkono wangu akausukuma kwenye kikombe, kana kwamba mkono wangu ni kijiko.

Kosa la kwanza halikuwa la majirani. Lilikuwa langu. Ndiyo maana leo nasema wazi: kwa mtoto wa namna hii neno "ngoja" ni dawa mbaya, na sisi waganga ndio tunaoitoa zaidi kuliko wengine.

JINA LAKE NI NANI

Waganga waliosoma kwa Kifaransa wanasema otisme. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema usonji, nami nitatumia neno hilo. Usonji si homa, na hauambukizi. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo, ukamfanya aone watu, sauti na vitu kwa njia tofauti na wengine. Mwingine hatasema kamwe. Mwingine atasema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Mwingine anahitaji kusaidiwa maisha yote. Mwingine atasoma, atafanya kazi na kuoa. Kwa hiyo jina ni moja, lakini watoto hawafanani.

Jambo hili limeandikwa tangu zamani. Mganga wa watoto Grunya Sukhareva wa Moscow aliandika habari za watoto wa namna hii katika miaka ya 1920. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na tangu hapo jina likaenea duniani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika watu 127 alikuwa na usonji. Fanyeni hesabu wenyewe. Kama hesabu hiyo inatufaa na sisi, kartie yenye watu 1000 ina watu karibu wanane. Wako wapi? Wako nyumbani, wamefichwa, au wamepewa jina lingine.

Wengine wananiambia: "Muganga, hayo ni mambo ya Wazungu." Sivyo. Mwaka 1978 Victor Lotter alitangaza kazi aliyoifanya katika miji ya nchi kadhaa za Afrika. Aliwakuta watoto wa usonji, ingawa ni wachache. Lakini aliwatafuta mahali ambapo watoto wenye shida ya akili walikuwa wamekwisha kupelekwa. Ukitafuta huko, utamwonaje yule aliyefichwa nyuma ya jiko? Mwaka 2014 Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Uganda na wenzake walitangaza namna nyingine ya kutafuta. Walichukua maswali kumi yanayotumiwa kutambua watoto wenye ulemavu, wakayaongeza yakawa 23, wakayauliza kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9. Walipouliza, wakawaona. Hilo ndilo fundisho langu la leo: ambaye haulizi, haoni.

DALILI KWA UMRI

Mzazi, usingoje mpaka mtoto afikie umri wa kwenda shule. Dalili zinaonekana mapema kama ukijua mahali pa kutazama.

Mtoto wa miezi 9: je, anatabasamu ukimtabasamia? Je, anageuka ukimwita jina?

Mtoto wa mwaka 1: je, anapunga mkono wa kwaheri? Je, ananyoosha mikono abebwe?

Mtoto wa mwaka 1 na miezi 6: je, anaonyesha kitu kwa kidole? Hapa sikilizeni vizuri. Kuna kidole cha kuomba na kidole cha kushangaa. Kidole cha kuomba kinasema: "nipe ndizi ile." Kidole cha kushangaa kinasema: "mama, tazama, kuku amepanda juu ya meza!" Mtoto hataki kuku, anataka wewe umwone kuku pamoja naye. Kidole hicho cha pili ndicho kinachokosekana mara nyingi kwa mtoto wa usonji.

Mtoto wa miaka 2: je, anaunga maneno mawili, kama "maji hapa", "baba kuja"? Je, anacheza kwa kuiga: anapika sombe ya majani kwenye kopo, anaendesha kipande cha ubao kama kamioni?

Umri wowote: je, alikuwa na maneno, akayapoteza? Alikuwa anacheka na watu, akaacha? Dalili hii haingoji hata wiki moja. Mlete.

Kuna na dalili za namna nyingine: kurudia jambo lile lile. Mtoto anageuza gurudumu la baiskeli kwa saa nzima. Anapunga mikono mbele ya macho. Anatembea kwa ncha za vidole. Anaziba masikio jenereta ikiwaka. Anakula chakula cha aina moja tu. Mkibadilisha njia ya kwenda kisimani analia mpaka anachoka.

Lakini msiogope kwa dalili moja. Watoto wengi wazima wanapanga vifuniko vya chupa, na wengine wanachelewa kusema. Mganga anatafuta makundi mawili pamoja: shida ya kuelewana na watu, na tabia ya kurudia-rudia. Na yote yawe yalianza utotoni.

Mama mmoja aliniuliza kama shida ni lugha nyingi. Hapa kwetu mtoto anasikia Kinyanga kwa nyanya yake, Kihunde kwa jirani, Kinyarwanda sokoni na Kiswahili kwa baba. Hapana. Lugha nyingi hazileti usonji. Mtoto wa lugha nyingi anaweza kuchanganya maneno, lakini macho yake yanakutafuta na kidole chake kinakuonyesha.

KWANZA TUTAZAME MAMBO MENGINE

Si kila mtoto asiyesema ana usonji. Kabla ya kutaja jina hilo, mganga anapaswa kuondoa mambo mengine moja kwa moja.

1. Masikio. Mtoto aliyetoka usaha masikioni, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au aliyepewa jentamisini nyingi anaweza kuwa kiziwi. Mnaweza kujaribu nyumbani. Simama nyuma yake asikuone, ufanye sauti ndogo ya kitu anachokipenda. Akigeuka kwa biskuti lakini si kwa jina, mwambie mganga hivyo hivyo. Asipogeuka kwa sauti yoyote, hiyo ni shida ya masikio mpaka ihakikishwe vingine. Lakini jaribio la nyumbani halimalizi kazi. Masikio yapimwe hospitalini.

2. Chumvi isiyo na ayodini. Watu wa Kivu wasisahau habari ya kisiwa cha Idjwi. Waganga waliochunguza huko katika miaka ya 1960 walikuta watu wengi wenye uvimbe wa shingo, na watoto waliozaliwa na akili nzito kwa sababu mama alikosa ayodini. Huo si usonji, na unazuiwa kwa chumvi yenye ayodini. Mama mwenye mimba, tazama maandishi ya pakiti kabla ya kununua.

3. Malaria kali. Mwaka 2006 waganga walitangaza habari za watoto 20 waliochunguzwa Tanzania. Kati yao 14 walithibitishwa kuwa na usonji. Watatu kati ya hao 14 walikuwa wamekua vizuri mpaka walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Dalili zilionekana walipopona. Saba haikuwahusu malaria hata kidogo. Kwa hiyo malaria haielezi kila kitu, lakini mtoto aliyetoka katika malaria ya degedege atazamwe tena baada ya wiki chache: je, maneno yake yamerudi? Na chandarua kilicho nyumbani kitumiwe kwa kulala, si kwa kufunika mboga bustanini.

4. Kifafa. Mtoto anaweza kukaza macho, akakosa kusikia kwa nukta chache, kisha akaendelea kucheza. Kifafa kinafuatana na usonji mara nyingi, na kifafa kina dawa.

5. Njaa. Mtoto wa utapiamlo anakuwa kimya na hachezi. Mlisheni kwanza, mtazame kama macho yake yanafunguka.

6. Vita. Wengi wetu tumekimbia na watoto mgongoni. Mtoto aliyeona mambo mabaya anaweza kunyamaza kabisa. Tofauti ni hii: zamani alikuwa anaongea na kucheza kama wengine, na mnajua siku aliyoacha. Naye anahitaji msaada, lakini wa namna nyingine.

SI KOSA LA MAMA

Sasa niwageukie akina baba. Ninyi mnatoka zamu mmechoka, mnalala mchana, mtoto mnamwona kidogo. Siku mnapogundua kwamba hasemi, mnamwuliza mama: "Umemfanyia nini mtoto wangu?" Msione haya peke yenu, hata wasomi wakubwa walianguka katika shimo hilo. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kilichowafanya watu wengi waamini kwamba usonji unatokana na mama asiye na upendo. Wamama wengi walilia bure. Lakini tangu mwaka 1964 Bernard Rimland, aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto wa usonji, alikuwa ameandika kwamba ni jambo la ubongo.

Mwaka 1977 wachunguzi wawili wa London, Susan Folstein na Michael Rutter, walitangaza habari za mapacha jozi 21. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Hesabu hiyo ilikuwa ndogo, lakini kazi nyingi zilizofuata zimeonyesha njia ile ile: sehemu kubwa inatoka katika urithi wa damu. Na urithi, ndugu baba, mtoto anaupata kwenu wote wawili.

Si chanjo pia. Mwaka 1998 Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika habari za watoto 12 na kuwatia watu wasiwasi juu ya chanjo ya surua. Gazeti la waganga lililochapa habari hiyo liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 wachunguzi wa Denmark walitangaza hesabu ya watoto 657,461: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Watu wanachanganya kwa sababu umri wa chanjo na umri wa dalili kuonekana vinakutana. Jogoo anawika na jua linatoka, lakini jogoo halitoi jua. Hapa kwetu surua inaua. Mzazi anayekataa sindano ya surua kwa kuogopa usonji anaacha mlango wazi kwa chui akimkimbia panya.

Wala si ulozi. Hapa nasema pamoja na sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inampa anayemshitaki mtoto hivyo kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, na faini ya franka za Kongo 200,000 mpaka 1,000,000. Sikatazi maombi, mimi mwenyewe ninaomba. Lakini maombi hayahitaji kamba, na Mungu hakuomba mtoto afe njaa.

NANI ANATHIBITISHA

Hakuna damu ya kupima usonji. Hakuna picha ya kichwa inayouonyesha. Mtu anayekuuzia kipimo cha damu cha usonji anakula pesa yako. Mganga aliyefunzwa anathibitisha kwa kumwuliza mzazi habari za mtoto tangu kuzaliwa, kwa kumtazama mtoto akicheza, tena si mara moja tu, na kwa kuhakikisha masikio na mambo mengine niliyoyataja. Ni kazi ya macho na uvumilivu. Wavulana wanaonekana zaidi ya wasichana, lakini msichana anayekaa kimya kwenye kona tunamsifu kwamba ana adabu, hatumtazami. Mtazameni naye.

Mimi si mtu wa kutia sahihi kwamba mtoto fulani ana usonji. Kazi yangu ni kushuku mapema na kuandika barua ya kumpeleka mbele. Mabruda wa Karita wamefanya kazi ya afya ya akili kwa miaka mingi katika vituo vya Tulizo Letu huko Goma na SOSAME huko Bukavu. Barabara yetu mnaijua: matope, vizuizi, na vita. Kwa hiyo msianze safari kabla ya kupita dispanseri. Tuulize pamoja njia ikoje na nani yupo wa kuwapokea.

USALAMA: KAMIONI NA MTO

Huu ni ukurasa wa usalama, basi niseme neno kwa madereva. Mnapopiga honi mnafikiri kila mtoto ataruka pembeni. Mtoto wa usonji anaweza kusikia honi asijue kwamba inamhusu yeye. Anaweza kuziba masikio na kukaa chini katikati ya barabara. Anaweza kuvutwa na gurudumu linalozunguka. Yule mtoto wangu wa biskuti aliokotwa mara mbili kwenye barabara ya kamioni na mara moja kando ya mto. Kupita kartie, punguzeni mwendo. Mkiona mtoto hageuki, simameni kabisa.

Wazazi, wekeni komeo juu ya mlango, mahali asipofika. Waambieni majirani na walinzi wa kizuizi: "Huyu ni wetu, hawezi kujibu jina, mkimwona mmrudishe." Akipotea, tafuteni kwanza kwenye maji.

KAZI YA NYUMBANI

Hakuna dawa ya kuponya usonji. Vidonge vya kulalisha vinavyouzwa sokoni havimfundishi mtoto kitu; vinamlaza tu, na vinaweza kumdhuru. Fanyeni hivi:

Kaeni chini usawa wa macho yake, robo saa, mara kadhaa kwa siku. Akipanga vifuniko, nawe weka kimoja, ngoja, weka kingine. Ingia katika mchezo wake kabla ya kumwita katika wako.

Semeni maneno machache: "Maji." "Kunywa maji." Ngojeni ajibu kwa namna yake, hata kwa macho.

Shikeni utaratibu mmoja wa siku. Kama kuna badiliko, mwonyesheni kabla: kiatu mkononi maana yake tunatoka, sabuni maana yake tunaoga.

Msimpige kwa kulia. Tafuteni kwanza kinachomwumiza: sauti, joto, tumbo, jino, nguo inayowasha.

Wapeni ndugu zake kazi ya kucheza naye. Watoto ni walimu wazuri kuliko sisi.

HOJA YANGU

Mwenzangu mmoja wa kazi alinipinga. Alisema: "Hapa hatuna mtaalamu, hatuna shule ya watoto hao. Kwa nini uwape wazazi jina bila dawa? Unawaongezea huzuni tu." Niliifikiria sana hoja yake, kwa sababu ni ya mtu mwenye huruma. Jibu langu ni hili: mtoto hakai bila jina. Tusipompa sisi jina la kweli, kartie itampa la uongo. Yule mtoto hakuachwa hivi hivi ile miaka miwili. Alikuwa kibubu, akawa kiburi, akawa mulozi. Jina la kweli halikumponya, lakini lilikata kamba. Tena mambo mengi yanayofanana na usonji yana dawa, na hutayajua kama hukutazama. Na mafunzo ya nyumbani yanafaa zaidi mtoto akiwa mdogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, siku ya kupima watoto tusipime kilo tu. Katika fishi ya kila mtoto tuandike majibu ya maswali matano, akifika miezi 9, miezi 18 na miaka 2: Anageuka akiitwa jina? Anaonyesha kwa kidole ili nawe uone? Ukimwonyesha kitu, anakitazama? Anaiga kazi za wakubwa katika mchezo? Amepoteza neno au mchezo aliokuwa nao? Ni dakika tatu. Mtoto wa miezi 9 ataulizwa yanayofaa umri wake tu.

Pili, baba apewe ruhusa ya asubuhi moja aje na mtoto dispanseri. Mama akija peke yake anarudi nyumbani na mzigo wa kumshawishi mume. Wakija wawili wanasikia neno moja.

Tatu, wasimamizi wa zamu wasiwacheke wafanyakazi wenye watoto wa namna hii. Mtu aliyekesha na mtoto anayelia usiku mzima akishuka shimoni ni hatari kwake na kwa wenzake. Mwulizeni amelala saa ngapi kabla ya kumpa mashine.

Yule mtoto sasa amepita miaka sita. Anasema maneno machache, labda kumi. Bado hageuki kila mara akiitwa. Lakini anabeba kopo la maji kutoka kisimani pamoja na dada yake, na anamshika mama mkono kamioni ikipita. Juzi mama yake aliniambia kwamba alimwonyesha ndege kwa kidole, kisha akamtazama usoni kuona kama naye ameiona. Alinieleza mara tatu, nikamwacha aeleze. Miaka ile miwili ya kungoja siwezi kumrudishia.

Mama, baba, kama mna mtoto asiyegeuka, mleteni siku ya kupima watoto. Na mkimkuta mganga, hata akiwa mimi, akawaambia "ngoja", msitoke mlangoni. Mwambieni: "Muganga, kaa chini kwanza umwangalie."